Mbunge na Wazee wa Kwao

Husemwa mara kwa mara juu ya mbunge wa namna fulani kwamba hajui ila kwao. Akisimama Bungeni Dodoma, ni kwao. Akiuliza swali, ni kwao. Bajeti ya wizara yo yote ikisomwa, yeye huitafuta humo karakana ya kwao, bandari ya kwao, wastaafu wa kwao. Wenzake hutabasamu, na wengine humpachika jina. Leo twapenda kuuliza kama lawama hiyo ni ya haki. Jambo si dogo, maana lahusu nani amtetee mtu aliyekwisha kufanya kazi yake yote, akazeeka, na sasa hana hata kazi ya kugomea.

Wenye kulaumu wana hoja, wala si hoja ya jana. Mwaka 1774 Edmund Burke, akiisha kuchaguliwa kuwa mbunge wa Bristol, mji wa bandari huko Uingereza, aliwaambia wapiga kura wake waziwazi kwamba mbunge si tarishi wao. Awiwa nao bidii yake, lakini awiwa nao pia akili yake. Na Bunge ni baraza la taifa moja, si mkutano wa mabalozi wanaovutana kila mmoja upande wake. Baadaye aliunga mkono kulegezwa kwa vikwazo vya biashara ya Ireland, jambo ambalo wafanyabiashara wa Bristol hawakulitaka hata kidogo, na mwaka 1780 akakikosa kiti chake.

Twamheshimu mtu huyo kwa ushujaa wake. Lakini na tutazame vema ni kitu gani wale matajiri wa Bristol walichokuwa wakikitaka. Walitaka wengine wafungiwe mlango wa soko ili wao waendelee kupata faida. Mbunge aliyekataa kuwatumikia katika hilo alifanya vizuri. Je, mzee anayedai malipo yake ya uzeeni ataka kitu cha namna ile ile? Hata kidogo. Yeye haombi faida, bali ataka alichokwisha kukifanyia kazi. Sehemu ya ujira wake iliwekwa kando kwa miaka thelathini kwa ahadi kwamba atapewa nguvu zikimwishia, na sasa zimemwishia. Basi swali la kwanza si kwamba mbunge amtetea nani, wa kwao au wa mbali. Swali ni kama akitakacho ni upendeleo au ni deni.

Mfano tunao hapa nyumbani. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoundwa kwa mkataba wa mwaka 1967, ilivunjika mwaka 1977. Wafanyakazi wa reli, bandari, posta na simu, na ndege, walioajiriwa na mashirika ya nchi tatu, walijikuta hawana mwajiri. Mwezi wa Mei 1984 yakatiwa sahihi mapatano ya Arusha: mali iligawanywa, Kenya sehemu 42 kwa mia, Tanzania 32, Uganda 26; na kila nchi ikajitwika mzigo wa kuwalipa raia zake waliotumikia mashirika yale. Karatasi ilikuwa safi kabisa. Hata hivyo wazee wa Tanzania walikwenda mahakamani mwaka 2003, na suluhu ya shilingi bilioni 117 ilipatikana mwaka 2005, yaani miaka 28 baada ya Jumuiya kuvunjika. Na hata hapo mzozo haukwisha, kwa kuwa wengi waliona hesabu haikutimia. Kati ya hapo waliandamana katika barabara za Dar es Salaam, watu wenye mvi, na wengine walizikwa kabla ya kupokea cho chote. Mtu aliyekuwa fundi wa garimoshi mwenye umri wa miaka arobaini mwaka 1977 alikuwa na miaka sitini na minane suluhu ilipofika.

Suala lao liliulizwa Bungeni tena na tena. Sasa fikirini, wasomaji wetu: ni nani aliyetazamiwa kuliuliza? Wazee hao hawakutawanyika nchini sawasawa kama mvua. Walikuwa wengi mahali ilipopita reli na palipo na gati, Tabora, Tanga, Dar es Salaam. Mbunge wa wilaya isiyo na reli aweza kuwa mtu mwema kabisa, na bado asimwone hata mmoja wao barazani pake. Mbunge wa mji wa reli huwakuta kila Jumapili, na wake wa marehemu pia, wakiwa na barua zao katika mfuko wa nailoni. Kama yeye hasemi, taifa litajuaje? Deni lile halikuwa la Tabora wala la Tanga, lilikuwa la Jamhuri nzima. Yeye alikuwa shahidi tu aliyetoka mahali linapoonekana. Shahidi halaumiwi kwa kutoa habari za mtaa wake.

Lakini hatupendi kumpamba mbunge wetu kupita kiasi. Yapo majaribu yake. La kwanza ni kutetea wazee wa kwao kwa nguvu na kunyamaza juu ya wazee wa mwenzake wenye haki ile ile. La pili ni baya zaidi, nalo tuliliona katika habari za kikokotoo. Mwaka 2018 Bunge lilipitisha sheria ya kuunganisha mifuko ya watumishi wa umma, na kanuni zilizofuata zikashusha malipo ya mkupuo kuwa robo tu ya mafao, ambapo wanachama wa baadhi ya mifuko walikuwa wakipata nusu. Walimu na wauguzi walilia, na mwezi wa Desemba mwaka ule ule Rais Magufuli akaagiza kanuni hizo zisimamishwe. Mwaka 2022 kikaja kiwango cha 33 kwa mia kwa wote. Mwaka 2024 kikapandishwa kuwa 40 kwa wale waliokuwa wakipata nusu, na 35 kwa wengine. Wabunge wengi walisema kwa uchungu katika miaka hiyo, nasi twawashukuru. Ila wapo waliosema ndiyo ukumbini sheria ilipopita, kisha wakashangaa mbele ya walimu kana kwamba sheria ilidondoka kutoka mbinguni.

Labda mtu atasema kwamba mfuko ni wa wachangiaji wote, na ukimwongezea anayestaafu leo wampunguzia kijana wa kesho. Hoja hiyo ni ya kweli, na mbunge mwaminifu hana budi kuwaambia hivyo wazee wa kwao, hata wakinuna. Lakini aulize pia pengo la mfuko lilitoka wapi. Watumishi wa Serikali hawakuwa wakichangia kabla ya Julai 1999, na Serikali ndiyo iliyopaswa kuufidia mfuko kwa miaka hiyo ya nyuma. Deni lilikawia mno, hata mwishoni mwa mwaka 2021 ikatolewa hati fungani maalumu ya zaidi ya shilingi trilioni 2. Mwalimu hakulitoboa tundu lile. Wala tusisahau kwamba mbunge mwenyewe, kwa sheria ya mwaka 1999, hulipwa kiinua mgongo chake kwa mkupuo muhula wa Bunge ukiisha. Anayepima uji wa wengine kwa kijiko huku wake ukija katika sufuria, yafaa aseme kwa unyenyekevu kidogo.

Na aseme akijua silaha zake. Ibara ya 99 ya Katiba haimruhusu mbunge kuamuru fedha zitolewe hazina kwa hoja yake mwenyewe. Pendekezo hilo lazima litoke kwa Rais kupitia kwa waziri. Alicho nacho ni swali, hoja, kura yake, na ile desturi ya kushika shilingi ya mshahara wa waziri bajeti inapojadiliwa. (Shilingi hiyo, twajua, mara nyingi hushikwa na kurudishwa kabla kiti hakijapoa.) Akiishika kwa ajili ya wazee, na adai mambo matatu kabla ya kuiachia: deni ni kiasi gani, litalipwa lini, na ni ofisi gani itakayojibu lisipolipwa. Maneno hayo yote huandikwa katika kumbukumbu rasmi za Bunge, na msomaji ye yote ambaye baba yake angali akingoja aweza kuyatafuta humo, aone mbunge wake aliuliza nini, na kama waziri alitaja tarehe.