Atomu Isiyokuwapo

Ufa ni kitu kidogo chenye tawala tatu. Kwenye ncha yake, ambako vifungo baina ya atomu hukatika kimoja baada ya kimoja, hutawala fizikia ya kwantamu. Mbele kidogo ya hapo atomu huhesabiwa kama vijitufe vinavyovutana na kusukumana kwa kanuni za Newton. Na mbali zaidi kitu kizima hufanywa mwili mmoja usio na punje. Mtaalamu atakaye kujua mwendo wa ufa hana budi kuzisemesha tawala hizi zote kwa pamoja, ilhali mbili zasema kitu ni punje na ya tatu yakana.

Mwaka 1998 Farid Abraham na wenziwe, huko Marekani, walichapisha jaribio la namna hiyo juu ya ufa wa silikoni. Walikata maeneo matatu ndani ya kompyuta, kisha wakayafanya yapeane mikono mipakani. Ikazuka taabu: atomu zilizo ukingoni mwa eneo la kwantamu hubakiwa na vifungo vinavyoning'inia, na hesabu huharibika. Wakaziba pengo kwa atomu ya kubuni, yenye baadhi ya sifa za silikoni na baadhi za haidrojeni, wakaiita silojeni. Hapana atomu ya aina hiyo mbinguni wala ardhini. Walakini bila ya hiyo picha ya ufa haisimami.

Mwanafalsafa Eric Winsberg aliushika mfano huu akahoji itikadi kongwe kwamba elimu hutegemewa kwa sababu ni kweli. Hapa, alisema, pana jambo la uongo linaloifanya hesabu nzima itegemewe. Je, ni udanganyifu? Watu wa mwambao hawatashangazwa sana na swali hili, kwani wanaijua ruhusa ya mpatanishi, ambaye hahesabiwi mwongo akiongeza neno jema baina ya wawili waliohasimiana. Silojeni ni mpatanishi wa sheria mbili zisizosikilizana. Lakini mpatanishi huwa anajua ni neno lipi alilolitia mwenyewe, na hapo ndipo penye uzito. Maana hesabu hupita mikono mingi, na mkono wa mwisho, ule umwagao zege, aghalabu haukuambiwa.

Tarehe 23 Agosti 1991, karibu na Stavanger nchini Norwei, kitako cha zege cha jukwaa la gesi la Sleipner A kilikuwa kikishushwa majini kwa majaribio. Ukuta mmoja ukapasuka, na chombo chote kikazama. Hakufa mtu, hasara ilifika takriban dola milioni 700. Humo hamkuwa na atomu za kubuni. Mlikuwa na ubunifu mnyenyekevu zaidi, ambao kila mhandisi huufanya: kuugawa ukuta katika vipande ili kompyuta iweze kuuhesabu. Vipande vilikuwa vikubwa mno pale palipohitaji vidogo, na nguvu za mkato zikakadiriwa pungufu kwa asilimia 47. Nondo nazo hazikufungwa ipasavyo mahali hapo hapo.

Baada ya ajali hesabu ilirudiwa kwa uangalifu zaidi. Ilionyesha kwamba ukuta ungevunjika kwenye kina cha mita 62. Ulikuwa umevunjika kwenye mita 65.