Kupenda Elimu na Kula kwa Elimu

Mwanafunzi mumoja aliniuliza: «Mwalimu, unasema unapenda vitabu, sasa mushahara ni wa nini?» Kalasi yote ikacheka. Mimi sikucheka, maana lile ni swali la kweli.

Wazee wetu wa Katanga, mafundi wa kuyeyusha shaba, waliitwa «wakula-shaba», kwani misalaba ya shaba waliyotengeneza iliwalisha. Nani atasema kwamba hawakupenda kazi yao kwa sababu iliwalisha? Basi, kula kwa elimu si haya.

Lakini njaa nayo inajaribu mutu. Tangu 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali ni bure. Sisi wa sekondari tungali tunategemea prime ya wazazi. Siku moja mzazi aliniletea bahasha ili mtoto wake apite. Nyumbani unga ulikuwa umekwisha. Niliirudisha, na usiku ule tulilala na chai tu. Ningeipokea, ningeuza pointi, si elimu. Fundi hauzi jiwe akisema ni shaba.

Kwa hiyo wazazi na serikali wamulishe mwalimu. Naye mwalimu akisha kula, afungue tena kitabu.