Adabu za Kikao cha Kuonja Maziwa ya Ngamia

Kikao cha kuonja ni mkutano wa marafiki wanaokaa pamoja jioni, wakajaribu aina kadhaa za kinywaji kimoja, moja baada ya nyingine, na kuzungumzia tofauti zake. Huko Uskoti na katika nchi nyingi za Magharibi kinywaji hicho mara nyingi huwa wiski, na ile ya kisiwa cha Islay husifika kwa ladha ya moshi, kwa kuwa shayiri iliyooteshwa hukaushwa juu ya moto wa udongo mweusi uliochimbwa kinamasini. Hagadera, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992 katika eneo la Fafi, kaunti ya Garissa, wakazi walio wengi ni Waislamu wa Kisomali ambao kileo kwao ni haramu, kwa hiyo wiski haina nafasi. Moshi lakini upo, nao hukaa katika maziwa ya ngamia, na anayetaka kuwaalika wenzake waonje hana haja ya kuazima chochote kutoka Islay.

Inampasa mwenyeji aijue kazi kabla ya kualika. Chombo cha maziwa, kiwe kibuyu au kile chombo cha kusukwa ambacho Wasomali hukiita dhiil, hufukizwa kwa vijinga vya mti mgumu, aghalabu wa jamii ya migunga, vinavyotiwa ndani vikiwaka, kisha mdomo ukafunikwa, chombo kikatikiswa, na majivu yakapanguswa. Moshi huo huyatia maziwa harufu na pia huchelewesha kuharibika kwake. Maziwa yakiachwa humo siku moja au mbili bila kuchemshwa huchachuka yenyewe na kuwa susa, ambayo haigandi ikawa nzito kama mtindi wa ng'ombe, kwa sababu maziwa ya ngamia yana uchache wa ile protini inayoshikamanisha mgando. Mwenyeji aliyenunua maziwa yaliyobebwa katika mtungi wa plastiki, kama yanavyobebwa mengi yanayoingia sokoni, na akayamimina kibuyuni saa moja kabla ya wageni kufika, asiyatangaze kuwa ya kibuyu, maana moshi wa saa moja hujulikana kwa mtu aliyekulia malishoni, na aibu itakayofuata ni ya kujitakia.

Mpangilio nao una adabu yake. Yaanzwe maziwa mabichi yasiyo na moshi, yafuate yenye moshi, kisha susa ya siku moja na ya siku mbili, na chai ya maziwa yenye iliki, mdalasini na tangawizi iwekwe mwisho kabisa, kwa kuwa viungo vikishatangulia ulimi hausikii tena kitu kingine. Chetezo, ambacho katika nyumba za Kisomali huwekwa makaa na uvumba uitwao uunsi baada ya chakula ili wageni wanukie, kitolewe nje hadi kikao kiishe. Nia yake ni njema, ila hakuna moshi wa kibuyu utakaotambulika mbele yake. Vivyo hivyo anayetafuna miraa aiache mlangoni, kwani uchungu wake hukaa kinywani na kumharibia yeye mwenyewe.

Katika kugawa, kikombe huanzia kuliani. Imepokewa na Anas bin Malik kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliletewa maziwa, akanywa, na ingawa kushotoni kwake alikuwapo Abu Bakr, alimpa bedui aliyekuwa kuliani. Wazee wengine huona vigumu kupitwa na kijana, lakini utaratibu huo unamwondolea mwenyeji mzigo wa kupima vyeo vya watu, mzigo ambao katika kambi yenye koo nyingi, na yenye Waethiopia na wageni wa mataifa mengine, umewahi kuvunja zaidi ya urafiki. Kila mtu aketi, anywe kwa mkono wa kulia, asipulizie ndani ya kikombe, na anayegawa anywe wa mwisho.

Ugumu wenyewe uko katika maneno. Abu Huraira amepokea kwamba Mtume hakukitia ila chakula hata siku moja. Alipokitamani alikula, na asipokitaka alikiacha. Kikao cha kuonja, kwa upande wake, kazi yake ni kutofautisha, na kutofautisha bila kusema hakuwezekani. Njia ya kutoka hapo ni kutenga kueleza na kuaibisha. Anayesema kwamba chumvi ya maziwa haya inatangulia moshi, pengine kwa sababu ya majani waliyolishwa ngamia, ameeleza. Anayesema yametiwa maji ameaibisha watu wawili kwa mara moja, mwenyeji aliye mbele yake na mama aliyeyauza ambaye hayupo kujitetea. Kama shaka hiyo ina msingi, na sokoni mara nyingine huwa nao, mwenyeji aambiwe faragha kesho yake, ili ajue pa kununua. Adabu hii inawahusu zaidi waliochunga ngamia utotoni wanapokaa na vijana waliozaliwa kambini, ambao hawakupata kukamua hata mnyama mmoja: kijana akiuita moshi harufu ya kuungua, si jambo la kuchekwa, kwa sababu hajapewa nafasi ya kujua vingine, na mzee mwenye busara atamtajia mti uliofukiziwa na kumpa kikombe cha pili.

Maziwa mabichi hayafichwi ubichi wake. Homa ya bruselosi, ambayo huleta joto la kupanda na kushuka, jasho na maumivu ya viungo kwa muda mrefu, huenezwa na maziwa yasiyochemshwa, na uchachu wa susa hautoshi kuwa dhamana. Wafugaji wengi hawapendi kuchemsha, wakisema ladha hupotea, na kwa upande wa ladha wana haki. Hata hivyo mwenyeji humwambia kila mgeni kipi kimechemshwa na kipi hakikuchemshwa, kisha asimshurutishe anayekataa, hasa mama mjamzito. Mgeni asiyezoea aanze na mafunda mawili, kwa kuwa maziwa ya ngamia huendesha tumbo la mgeni, jambo ambalo wenyeji hulijua vizuri na hulisubiri kwa kicheko.

Bei ya maziwa haiulizwi mbele za watu. Kaya nyingi kambini hutegemea mgao wa chakula, na lita chache za kikao zinaweza kuwa zimetoka katika kitu kilichouzwa. Kwa hiyo mgeni haombi kuongezwa kabla ya watoto wa nyumba kupata chao, na marafiki wanaokutana mara kwa mara hufanya vyema wakichanga, kila mmoja akaja na kibuyu kutoka kwa muuzaji wake, jambo ambalo pia huongeza aina za kulinganishwa. Kilichobaki kikombeni hakirudishwi kibuyuni.