Paka na Sungura katika Nyumba Moja

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Enyi ndugu zetu wa Ujiji, Kigoma na vijiji vya ufukoni, paka hawakosekani kwetu, maana penye dagaa paka yupo. Na wako watoto wetu wafugao sungura uani. Paka akimrarua sungura, mtoto hulia, na baba hughadhibika hata akataka kumtia paka guniani akamtose ziwani. Basi twauliza: kosa hilo ni la nani?

Si la paka. Paka hana taklifu. Ameumbwa mwindaji, na hata akiwa ameshiba dagaa, kiumbe kidogo kikikimbia mbele yake hukirukia. Asemaye, "Nimemlisha, hatamgusa," ajidanganya. Mwenye akili na amri ni mwenye nyumba, naye ndiye atakayeulizwa.

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, yaani 1277, ametaja katika Minhaj ya kuwa paka aliyejulikana kwa ada yake ya kuharibu ndege au chakula cha watu, mwenyewe hulipa, ikiwa mchana au usiku. Sungura wa jirani yumo katika njia hiyo hiyo. Kwa hiyo ajuaye tabia ya paka wake asimwambie jirani, "Huyo ni mnyama tu." Na paka aliyetulia hauawi, ijapokuwa jana aliua, huzuiwa anaposhambulia, kwa kadiri ya haja.

Wala tusikimbilie kumfunga paka kwa kamba akakaa na njaa. Imo katika Bukhari na Muslim habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Na sungura naye kutiwa ndani ya debe asipoweza kugeuka, huko si kumhifadhi.

Yapasa afanyiwe tundu pana la mbao na waya, matundu ya waya yawe madogo, mkono wa paka usipite. Liinuliwe juu ya ardhi, liwe na komeo, na ndani yake sanduku la kujificha, kwani sungura huweza kufa kwa hofu tu, bila kuguswa na ukucha. Liwekwe kivulini, na miembe Ujiji si haba. Sungura hatoki jasho, joto lake hulitoa kwa masikio. (Masikio hayo si mkono wa kikapu, asiinuliwe kwayo!) Kwanza waonane kwa kupitia waya, siku nyingi. Mtoto wa paka huzoea upesi kuliko paka mzee. Wakiachwa pamoja, asikosekane mtu mzima wa kuwaangalia, maana sungura mkubwa naye hupiga teke la kuumiza. Ama vitoto vya sungura, huzaliwa bila manyoya na macho yamefumba hata siku ya kumi hivi. Hao paka asiwakaribie kabisa, hata awe mpole namna gani.

Imebaki masala moja. Sungura ni halali, na Mtume (s.a.w.) alipokea paja lake alilopelekewa na Abu Talha. Aliyejeruhiwa na paka, akikutwa yu hai uhai wa kweli akachinjwa, huliwa. Akikutwa amekwisha kufa ni mzoga, afukiwe. Wallahu aalam.