Haki Haina Chama



Wasomaji wetu wapenzi, ukipita siku ya Jumapili mbele ya kanisa lo lote katika nchi ya dhahabu, tangu Kahama mpaka Geita, utawaona watu waliotoka Misani wamesimama kivulini kwa makundi wakizungumza. Zamani walizungumza habari za mvua, pamba na ng'ombe. Siku hizi, wakiisha kutaja bei ya dhahabu, hugeukia siasa. Mmoja husema, "Mataifa yafanya vema kutuzuilia misaada, ili wakubwa wapate adabu." Mwingine hujibu, "Ye yote anayefurahi nchi yake ikinyimwa ni adui wa nchi." Hapo mazungumzo hukatika. Watu wawili waliopeana amani mbele ya altare nusu saa iliyopita huachana bila kuagana.

Jambo wanalogombania si dogo, wala haitufai kulipita kimya. Baada ya uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 damu ya Watanzania ilimwagika, na nyumba nyingi zikaingia matangani. Mwezi wa Novemba wabunge wa Bunge la Ulaya walipinga fedha zilizokusudiwa kwa serikali yetu, na mwezi wa Desemba serikali ya Marekani ikatangaza kwamba inauangalia upya uhusiano wake na Tanzania. Basi swali likarudi katika kila nyumba: je, ni haki taifa kunyimwa msaada kwa ajili ya makosa ya watawala wake? Na mtawala akikosa, nani ana haki ya kumwuliza?

Hatuandiki haya ili kutetea chama hiki au kushambulia kile. Twaandika kwa sababu twaona ugonjwa mmoja unaoingia katika mioyo ya waumini wa vyama vyote, nao ni huu: mtu hawezi tena kuona kosa isipokuwa limetendwa na mtu wa upande wa pili.

Twajua sote habari ya nabii Nathani alipotumwa kwa mfalme Daudi. Hakuanza kwa kumshtaki. Alimsimulia habari ya tajiri mwenye mifugo mingi, aliyemnyang'anya jirani yake maskini mwana-kondoo mmoja tu aliyekuwa naye. Daudi akawaka hasira, akatoa hukumu papo hapo. Hukumu ile ilikuwa kali, tena ya haki. Lakini mfalme aliweza kuitoa kwa sababu alidhani mkosaji ni mtu mwingine. Nathani alipomwonyesha kwamba mtu yule ni yeye mwenyewe, hakuwa na pa kujificha. Na utukufu wa Daudi ni kwamba hakumwita nabii kibaraka wa maadui, wala hakuuliza Nathani ni wa kundi gani. Alikiri dhambi yake.

Sisi tu mafundi wa nusu ya kwanza ya habari hiyo. Nusu ya pili yatushinda.

Tutazame mambo yaliyotokea nchini mwetu. Mwaka 2014 ilijulikana kwamba zaidi ya shilingi bilioni 300 zilikuwa zimetolewa katika akaunti iliyoitwa Tegeta Escrow, iliyokuwa Benki Kuu, kutokana na ugomvi wa malipo ya umeme. Mwezi wa Oktoba mwaka ule mataifa na mashirika yaliyokuwa yakichangia bajeti yetu yalizuia kiasi cha dola milioni 490 mpaka jambo lichunguzwe. Bungeni Dodoma yakawa maneno makali kwa siku kadha. Kuna waliosema fedha zile si za umma hata kidogo. Kuna waliosema ni wizi mtupu. Wengi waliitazama kwanza rangi ya chama cha msemaji, ndipo wakaamua kama ameongea kweli.

Lakini katika siku zile zile lilionekana jambo la kutupa moyo. Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali iliongozwa na Zitto Kabwe, mtu wa upinzani, na makamu wake alikuwa Deo Filikunjombe, mtu wa chama tawala. Wawili hao walisimama pamoja kuitetea taarifa moja. Mwisho wa Novemba Bunge lilipitisha maazimio yake. Mwezi wa Desemba Mwanasheria Mkuu wa Serikali alijiuzulu na waziri wa ardhi akaondolewa. Januari 2015 waziri wa nishati naye akajiuzulu. Hatusemi kwamba mambo yote yalimalizika kwa haki. Twasema tu kwamba palipopatikana watu wa vyama viwili waliokubali kusoma hesabu moja, neno lilisonga mbele.

Watu wa Kahama wana ukumbusho wa namna hiyo ulio karibu nao zaidi. Mwezi wa Agosti 2007, mbunge yule yule Kabwe alipotaka uchunguzi juu ya mkataba wa mgodi wa Buzwagi, Bunge lilimsimamisha. Miezi sita haijatimia, Februari 2008, Bunge lile lile lilisikiliza taarifa ya kamati ya Harrison Mwakyembe, mtu wa chama tawala, juu ya mkataba wa umeme wa Richmond, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Nyumba ni moja na wabunge ni wale wale. Mara ya kwanza walitazama ni nani anayeuliza. Mara ya pili walitazama kilichoulizwa.

Katiba yetu haikumwacha mkuu wa nchi nje ya maswali. Tangu mwaka 1992 ibara ya 46A yalipa Bunge uwezo wa kumshtaki Rais na kumwondoa madarakani, akivunja Katiba au sheria ya maadili ya viongozi, au akiwa na mwenendo unaokidhalilisha kiti chake. Njia yenyewe imewekewa miiba ili isichezewe. Hoja yataka sahihi za asilimia 20 ya wabunge wote, na taarifa ya siku 30. Theluthi mbili ya wabunge wakiikubali, huundwa kamati ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu, pamoja na Jaji Mkuu wa Zanzibar na wajumbe saba waliogawanywa kwa uwiano wa vyama. Rais hupewa nafasi ya kujitetea. Mwisho, theluthi mbili ya wabunge wote ndiyo inayoamua. Hakuna Rais wetu aliyepata kuondolewa kwa njia hiyo, na twamwomba Mungu asitupe sababu ya kuitumia. Lakini ibara ile ni Nathani wa Katiba: yupo mlangoni, ili mfalme ajue kwamba aweza kuulizwa.

Hata sheria iliyo njema, hata hivyo, haiwezi kuushinda moyo uliofungwa. Mwaka 2019 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilimshtaki Rais Donald Trump, na shtaka lenyewe lilikuwa juu ya msaada wa nchi za nje: kwamba alizuia dola milioni 391 za kuisaidia Ukraine ili apate faida ya kisiasa. Katika baraza lile hakuna hata mtu mmoja wa chama chake aliyepiga kura ya kumshtaki. Februari 2020 Seneti ilimwachilia, na katika chama chake ni Mitt Romney peke yake aliyepiga kura ya kumwona na hatia. Hatujifanyi mahakimu wa Wamarekani. Twauliza tu: je, yawezekana kweli kwamba mamia ya watu, kila mmoja akiisha kupima ushahidi kwa dhamiri yake, wakajikuta wamegawanyika karibu sawasawa na mpaka wa vyama? Dhamiri haigawanyiki hivyo. Hesabu za chama ndizo zigawanyikazo hivyo.

Sasa turudi kwa msaada uliozuiliwa. Wako wasemao kwamba kunyimwa ni aibu daima. Wengine husema anyimaye ni mkoloni daima. Historia yetu yawakanusha wote wawili. Desemba 1965 serikali ya Mwalimu Nyerere ilivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Waafrika wa Rhodesia walioachwa chini ya utawala wa walowezi wachache. Uingereza ikauzuia mkopo wa paundi milioni saba na nusu. Nchi ilikuwa changa na maskini, na fedha zile zilihitajiwa sana. Lakini tulinyimwa kwa kuwatetea wanyonge, na hakuna aliyehitaji kuinamisha uso. Mwaka 2014 hatukunyimwa kwa kutetea mnyonge ye yote. Tulinyimwa kwa sababu hatukuweza kueleza fedha zimekwenda wapi. Mambo hayo mawili hayafanani, na anayeyafunika yote kwa bendera moja anawadanganya watoto wake.

Nao wenye kutoa hawana budi kujipima. Baba Mtakatifu Yohane XXIII, katika barua yake ya mwaka 1961, aliwaonya matajiri wasitoe msaada kwa nia ya kuwatawala wanaopewa. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake duniani kote kwa amri moja, bila kuuliza nani amekosa na nani hakukosa. Nchini mwetu dawa na huduma nyingi za wenye virusi vya UKIMWI zilitegemea fedha hizo. Mgonjwa wa Geita anayemeza vidonge vyake kila jioni hakuiba kitu. Kumwadhibu yeye kwa ajili ya mtu asiyemjua si haki, iwe sababu ni njema au mbaya. Wenye kuzuia msaada na watafute njia ya kumfikia mkosaji bila kupita juu ya mgongo wa mgonjwa; na wenye kutawala wasimweke mgonjwa mbele yao kama ngao.

Lakini iko aibu nyingine, nayo ni yetu wenyewe. Mwadui imetoa almasi tangu mwaka 1940. Mgodi mkubwa wa Geita umefanya kazi tangu mwaka 2000, na Bulyanhulu tangu 2001. Kwa miaka mingi mrabaha wa dhahabu ulikuwa asilimia 3 tu. Sheria ya mwaka 2010 iliupandisha mpaka 4, na ya mwaka 2017 mpaka 6. Kila hatua ilipatikana baada ya watu kuuliza maswali. Mmojawapo wa waliouliza ni Kanisa: mwaka 2008 Baraza la Maaskofu, pamoja na Jumuiya ya Kikristo na BAKWATA, walitoa taarifa juu ya faida ndogo tuliyokuwa tukiipata katika dhahabu yetu. Wazee walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Nchi inayotoa dhahabu huku ikingojea mgeni ainunulie dawa, haina budi kujiuliza mali yake yapitia mlango gani.

Tena tusimalize bila kujitazama sisi wenyewe. Orodha ya waliogawiwa fedha zilizotokana na jambo lile la Escrow iliposomwa mwaka 2014, yalisikika humo na majina ya watu wa madhabahuni. Iliwauma waumini, nasi ilituuma. Kuna waliotaka tunyamaze. Lakini kikulacho ki nguoni mwako, na gazeti linalowahubiria wabunge habari ya Nathani halina ruhusa kuifunga habari hiyo mlangoni pa sakristia. Zawadi ikija kubwa, aliyepewa na aulize imetoka wapi kabla hajashukuru.

Basi, wazazi Wakristu, twawaomba mambo matatu. Kwanza, mkisikia kosa la kiongozi, jiulizeni: ningesemaje kama angekuwa wa chama changu? Jibu likibadilika, nyamazeni kwanza, mkasali. Pili, wafundisheni watoto kuuliza hesabu nyumbani, katika jumuiya ndogo ndogo, katika vikundi vya wachimbaji na vyama vya ushirika. Anayeogopa kumwuliza mweka hazina wa kigango hatamwuliza waziri. Tatu, msimnyime jirani salamu kwa ajili ya kadi yake.

Wasukuma wana jambo la kutufundisha. Tangu zamani wachezaji wao wamegawanyika katika makundi mawili, Bagika na Bagalu. Kila mwaka, wakati wa Sikukuu ya Ekaristi Takatifu, hukutana pale Bujora kushindana kwa ngoma, na kila upande hutaka kuwavuta watazamaji wote. Ushindani ni mkali. Lakini ngoma ikiisha hurudi vijijini mwao, na mvua ikinyesha Mgika na Mgalu wataishika jembe katika mbuga moja, na mmoja akifiwa mwingine atachimba kaburi. Vyama vya siasa navyo ni ngoma. Ni halali kuicheza, ni halali kushinda. Lakini ngoma si imani, na kiongozi wa ngoma si Mungu.

Jumapili ijayo, padre atakapotualika tupeane amani, tumtafute kwanza yule tuliyeachana naye kivulini bila kuagana, tumpe mkono. Kisha, tukiisha kutoka nje, tuendelee kuuliza pamoja, yeye na sisi, mwana-kondoo wa maskini yuko wapi.

Mungu awajalie viongozi wetu moyo wa Daudi wa kukiri, awajalie manabii wetu ujasiri wa Nathani, na atujalie sisi sote macho ya kuona kosa letu kabla ya la jirani.