Benoni au Benyamini?

Kila mwaka, siku ya kuandikisha watoto wapya, sisi walimu huketi mezani na daftari, na wazazi husimama mbele yetu wakitaja majina. Aliyeizoea kazi hii ajua kwamba daftari la shule ni kitabu cha misiba pia. Huyu ni Shida, yule ni Tabu, wa tatu Mashaka, wa nne Masumbuko. Hatuulizi sababu, mzazi akitaja, kalamu yaandika. Lakini jioni, tukiyasoma tena majina yale kwa taa, hujiuliza neno ambalo leo twapenda kuliweka mbele ya wasomaji wetu: je, ni haki mzazi kumvika mtoto huzuni yake mwenyewe? Na kama si haki, ni nani mwenye ruhusa ya kumvua?

Swali hili si geni. Limo katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 35. Yakobo alikuwa safarini na jamaa yake yote, wametoka Betheli, hawajafika Efrata, ndio Bethlehemu. Raheli akashikwa na utungu mzito njiani. Mkunga akajaribu kumtia moyo kwa habari ya kwamba amepata mwana mwingine, lakini Raheli alikuwa akikata roho. Naye katika pumzi zake za mwisho akamwita mtoto Benoni, yaani mwana wa huzuni yangu. Babaye hakukubali. Akamwita Benyamini. Kisha yatajwa kaburi, na nguzo juu ya kaburi, na safari ikaendelea.

Tukumbuke Raheli huyu alikuwa nani. Ndiye aliyemwambia mumewe zamani kwamba asipopata watoto atakufa. Akampata Yusufu, na hata jina la Yusufu lilikuwa ombi, maana yake ni kwamba Mungu na aongeze mwana mwingine. Basi mtoto huyu wa njiani alikuwa jibu la jina la nduguye. Mama aliomba aongezewe, aliongezewa, akafa.

Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwa kuwa jina hili halihitaji mkalimani wa mbali. Kiebrania na Kiarabu ni ndugu, nasi tumepokea maneno mengi ya Kiarabu. *Ben* ndiyo *bin* yetu, na *yamini* twaijua: mtu wa pwani akila yamini ameapa, kwa sababu mkono wa kuume ndio utolewao katika kiapo. Benyamini, basi, ni mwana wa mkono wa kuume, mkono wa nguvu na heshima. Na zaidi ya hayo, Waebrania walitaja pande za dunia kwa kuelekea mashariki, hata kusini kukawa kuume kwao. Rashi, mwalimu mkuu wa Wayahudi wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1105, alilieleza jina hivyo: wana wengine wote wa Yakobo walizaliwa Padan-aramu, upande wa kaskazini, huyu peke yake alizaliwa Kanaani, naye ni mwana wa kusini. Wasamaria nao, katika Torati yao, huliandika kwa herufi ya mwisho iliyo tofauti, hata likawa mwana wa siku, kama kusema mtoto wa uzee. Sisi twashika maana ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayolijibu jina la mama.

Je, Yakobo alitenda haki?

Anayemlaumu ana hoja nzito. Kwetu neno la mtu anayekufa si neno la kuchezea. Ni wosia, na mwenye kuuvunja hulala macho wazi. Tena tutazame Raheli alimpa mtoto huyu nini. Hakumnyonyesha. Hakumbeba mgongoni hata siku moja. Hakumfundisha kutembea. Katika dunia hii yote alimpa kitu kimoja tu, jina, na kitu kile kimoja mumewe alikiondoa kabla kaburi halijafunikwa. Twakiri kwamba tulipolifikiri neno hili mara ya kwanza tulimkasirikia Yakobo.

Lakini na tumfikiri mtoto. Jina huitwa asubuhi, huitwa mchana, huitwa usiku. Kila aitwapo Benoni, akachote maji, akachunge kondoo, angeambiwa tena kwamba kuzaliwa kwake kulimwua mama yake. Mtu mzima aweza kuchukua mzigo wa namna hiyo kwa muda; mtoto angekua akidhani ndiyo sura yake. Na Yakobo alilijua jambo hili mwilini mwake. Yeye mwenyewe alipewa jina kwa sababu ya kushika kisigino cha nduguye walipozaliwa, na Esau alipodhulumiwa alilirudisha jina lile kama jiwe, akisema limemfaa. Katika sura hii hii ya 35, mistari michache kabla ya msiba, Mungu amwambia Yakobo kwamba hataitwa tena kwa jina lile, bali Israeli. Mtu aliyevuliwa jina la aibu juzi hangeweza kumwacha mwanawe avikwe jina la kilio leo.

Tena liko jambo jingine, nalo limetupendeza sana. Nachmanides, mwalimu wa Kiyahudi wa Hispania katika karne ya 13, aliona kwamba neno *oni* lina maana mbili katika Kiebrania: huzuni yangu, na pia nguvu zangu. Yakobo mwenyewe, alipokuwa akiwabariki wanawe karibu na kufa, alilitumia neno hilo kwa Reubeni kwa maana ya nguvu. Basi Nachmanides asema kwamba Yakobo hakulitupa jina la Raheli. Alilichukua lile lile, akaligeuza upande wake wa pili, na mkono wa kuume ndio nguvu. Ikiwa ndivyo, wosia haukuvunjwa. Ulifasiriwa na mtu aliyempenda mwenye wosia kuliko wote.

Mwenzake Benoni ni Ikabodi. Habari zake zimo katika Samweli wa Kwanza. Mamaye naye alikufa katika kuzaa, siku ile sanduku la Mungu lilipotekwa, naye akamwita mtoto kwa jina la kwamba utukufu umeondoka. Finehasi babaye alikuwa ameuawa vitani, na Eli babu yake alikuwa ameanguka akafa. Hapakuwa na mwanamume wa nyumba ile wa kusimama mlangoni na kuligeuza jina. Akabaki Ikabodi, na baada ya hapo twasikia habari yake mara moja tu, kwamba alikuwa ndugu ya mtu fulani.

Hata hivyo tusidhani kwamba jina jema ni dawa. Yakobo aliligeuza jina, lakini hofu yake hakuigeuza. Ndugu kumi walipokwenda Misri kununua nafaka, Benyamini alizuiwa nyumbani, asipatwe na baya. Na hata njaa ilipozidi, hakuachiliwa ila kwa dhamana ya Yuda. Katika Kitabu chote cha Mwanzo hatumsikii akisema neno hata moja. Wengine walimsemea, walimlilia, walimficha kikombe guniani. Mwana wa mkono wa kuume aliishi miaka mingi kama mwana wa huzuni ya babaye. Na kabila lake nalo? Ehudi, mwamuzi aliyewaokoa Israeli, alikuwa Mbenyamini, naye alitumia mkono wa kushoto. Na katika vita vya Gibea walikuwako Wabenyamini 700 wa mashoto, wasiokosa shabaha kwa teo. Mtu aweza kucheka kidogo hapo. Katika kabila hilo akatoka Sauli mfalme, na baadaye sana mtume Paulo, ambaye naye aliitwa Sauli.

Jina lenyewe limekwenda mbali. Wasomi wa majina waandika kwamba Ulaya ya kale lilipewa mara nyingi watoto waliofiwa na mama katika kuzaliwa, kana kwamba kilio cha Raheli kilikuwa kimejificha ndani yake bado. Baada ya matengenezo ya Kanisa, Waprotestanti wa Uingereza walilipenda pamoja na majina mengine ya Agano la Kale, wakavuka nalo bahari. Benjamin Franklin alizaliwa Boston mwaka 1706, mtoto wa mwisho wa kiume katika nyumba ya watoto 17. Benjamin Disraeli, aliyezaliwa Myahudi, akawa waziri mkuu wa Uingereza mwaka 1868, na tena tangu 1874 hata 1880. Wafaransa wamelifanya neno la kawaida: kitindamimba wao humwita *benjamin*, awe na jina gani. Huko Marekani, mwaka 2015 na mwaka 2020, lilikuwa miongoni mwa majina kumi waliyopewa watoto wa kiume zaidi ya yote. Nasi kwetu hatuhitaji kwenda mbali: Benjamin William Mkapa, aliyezaliwa Lupaso karibu na Masasi mwaka 1938, aliiongoza Tanzania tangu 1995 hata 2005. Lakini Benoni halikupata wengi. Uko mji wa jina hilo Afrika Kusini, karibu na Johannesburg. Mwaka 1881 mpima ardhi Johann Rissik aliuita hivyo kwa sababu kuipima ardhi ile kulimsumbua mno.

Kijijini kwetu alizaliwa mtoto wa kike, na mama yake akafa siku ya tatu. Kabla ya kufa alimpa jina ambalo katika lugha ya kwao ni machozi. Ulipokaribia ubatizo, baba alitaka jina lile lifutwe kabisa. Bibi mzaa mama akakataa. Tuliitwa tukawasikilize.

"Mama," baba akasema kwa adabu, "mtoto asibebe msiba wetu."

Bibi akajibu, "Mwanangu, nguo zake mmezigawa. Jembe lake mmelichukua. Hilo jina mwataka kulipeleka wapi?"

Hatukuwa na jibu. Tulikaa kimya kitambo, kisha tukawasomea mistari ile michache ya Mwanzo. Yule mama mzee alitaka isomwe mara ya pili. Alipoisikia tena alisema, "Kumbe majina yote mawili yameandikwa."

Mtoto alibatizwa kwa jina alilolichagua baba, na la mama likafuata la pili. Sasa yuko darasa la tatu. Shuleni twamwita kwa la kwanza. Jioni, tukipita karibu na nyumba yao, twamsikia bibi yake akimwita kwa la pili alete kuni, na mtoto huitika upesi.