Chupa Namba 14

Bibi aliijaza chupa mwenyewe. Aliisuuza mara tatu kama nilivyomwelekeza, akaifunga, akaifuta kwa khanga, kisha akanikabidhi kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mgeni maziwa.

"Mjukuu wangu," akauliza, "majibu unaleta lini?"

"Yakiwa tayari, Bibi."

Nikaandika 14 kwenye kibandiko, nikapanda bodaboda kurudi barabara kuu, Mlima Meru ukiwa umejifunika mawingu nyuma yangu.

Majibu yalikuwa tayari baada ya siku mbili: zaidi ya miligramu 9 za floraidi katika kila lita. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi 1.5. Nilikaa na namba ile miezi saba bila kumwambia mwenye maji yake. Nataka kuizungumzia miezi hiyo saba.

Mimi mwenyewe nimekulia upande huo wa Maji ya Chai, na nikicheka utajua. Meno yangu yana mabaka ya kahawia. Nilipokwenda kusoma sekondari mkoa mwingine, wenzangu waliniuliza kama kwetu hatupigi mswaki. Tunapiga. Tatizo liko kwenye mlima. Meru ni volkano, na maji yanayopita katika miamba yake huyeyusha floraidi na kushuka nayo kwenye chemchemi, mito na visima. Madoa ya meno hutokea utotoni, miaka ya kwanza minane hivi, meno ya ukubwani yanapojijenga ndani ya ufizi. Maji yenye floraidi nyingi sana, yakinywewa miaka mingi, huingia hadi kwenye mifupa. Viungo hukakamaa, na miguu ya watoto wengine hupinda. Kuchemsha hakusaidii. Maji hupungua sufuriani, floraidi inabaki. Na magadi tunayotia kwenye kande ili iive haraka nayo yanaweza kuongeza.

Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kusomea shahada ya uzamivu, sikuhangaika kutafuta mada. Natengeneza vitu vidogo mno. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wako una upana wa makumi elfu ya nanomita. Faida ya udogo huo ni eneo la nje. Chukua mchemraba wa sentimita moja kila upande: nje yake ni sentimita 6 za mraba. Ukiukata uwe michemraba ya nanomita moja, ukijumlisha nyuso zote unapata mita 6,000 za mraba, kama kiwanja cha mpira kilichokunjwa kikaingia kwenye kijiko. Juu ya eneo hilo floraidi hunasa. Hiyo ndiyo kazi yangu: kutafuta unga unaonasa nyingi, kwa bei ndogo, bila kuchafua maji upya.

Sasa, kwa nini nilinyamaza? Sababu nilikuwa nazo, tena zenye heshima. Kwanza, kipimo kimoja si ushahidi. Lazima nirudie masika na kiangazi. Pili, katika mpango wa utafiti wangu niliandika kwamba matokeo yatarudishwa kwa jamii mwishoni. Tatu, na hii ndiyo niliyoiamini kuliko zote: sikuwa na suluhisho. Nilijiambia kwamba kumpa mtu habari ya sumu bila kumpa dawa ni ukatili. Atalala usingizi gani? Atakunywa nini kesho?

Hoja hiyo ya tatu si yangu peke yangu. Viwango vya muda vya maji vya Tanzania vya mwaka 1974 viliruhusu hadi miligramu 8 za floraidi kwa lita. Baadaye kikomo kikashuka hadi 4, na leo kinalingana na 1.5. Mifupa yetu haikuwa migumu zaidi mwaka 1974. Waliopanga namba ile walijua kwamba wakiishusha, visima vingi vingehesabika vibovu, na watu wasingekuwa na maji mengine. Siwalaumu. Lakini naona jinsi namba inayoonekana ya kisayansi inavyoweza kubeba uamuzi wa kimaadili ndani yake: nani avumilie nini, hadi lini, na nani amwamulie.

Nilirudi kwa Bibi kuchukua sampuli ya pili wakati wa masika. Mvua ilikuwa inamwagika. Alinikaribisha ndani, akanimiminia chai. Kikombe kimoja hakingenidhuru mimi, mtu mzima. Kisha akammiminia mjukuu wake wa miaka mitatu, kwenye kikombe cha plastiki. Nilimtazama yule mtoto akinywa. Halafu nikatazama nje. Maji yalikuwa yanaporomoka kutoka kwenye bati, yanachimba mtaro, yanapotelea kwenye migomba.

Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa.

Pale ndipo hoja yangu ya tatu ilipoanguka. Suluhisho lilikuwepo, la nusu au la robo, lakini lilikuwepo: pipa chini ya bati, mvua ya kwanza iachwe isafishe paa, maji yanayofuata yawe ya mtoto kwanza. Tena huku kwetu chemchemi mbili zilizo jirani zinaweza kutofautiana sana. Anayejua namba ya kila moja anaweza kuchota ya kunywa huku na ya kufulia kule. Niliposema "sina suluhisho," nilimaanisha kwamba unga wangu bado haujakamilika. Nilikuwa nimeifanya maabara yangu kuwa mlango pekee wa kutokea.

Rafiki yangu mmoja alinipinga. Mvua huisha, alisema. Pipa halitoshi hadi vuli, simtanki ni ghali, na hofu haifutiki. Yote ni kweli. Lakini nikamuuliza swali ambalo nilikuwa nimejiuliza mwenyewe usiku mzima: tajiri wa Njiro angeniletea maji ya kisima chake, ningekaa na majibu yake miezi saba ili asipate hofu? Ningempigia simu siku ileile. Huruma niliyompa Bibi sikuwa nayo kwa tajiri, maana yake haikuwa huruma. Nilikuwa nimeamua kwamba yeye hawezi kubeba ukweli wake mwenyewe.

Simaanishi kwamba unga hauna maana. Mwaka 2015 Askwar Hilonga, mhandisi wa kemikali kutoka Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyoko Tengeru, alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi inayotolewa na Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza. Chujio lake linaunganisha mchanga, ambao kila mtu anaujua, na chembe za nano zinazochaguliwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Kampuni yake ameiita Gongali, jina la kijiji chake cha Karatu. Linanifundisha jambo: huwezi kuchagua chembe hizo bila kujua kwanza maji ya nani yana nini.

Tena unga wowote hujaa. Ukiuosha ili utumike upya, floraidi yote iliyonaswa inatoka ikiwa kali zaidi. Tutaimwaga wapi? Kwenye tasnifu neno langu ni "uendelevu," na ni rahisi kuliandika. Kama kijiji cha juu kinapata maji safi na cha chini kinapata maji ya kuoshea unga, tumeihamisha tu sumu.

Nilikwenda mara ya tatu bila chupa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo mikono mitupu?"

Nikamwambia namba, maana yake, habari ya mvua, habari ya magadi na habari ya mtoto. Alisikiliza hadi mwisho.

"Uliijua lini?"

"Tangu mara ya kwanza, Bibi."

"Kwa hiyo siku ile ulikunywa chai yangu ukijua."

"Ndiyo."

"Na mtoto akanywa."

Sikuwa na la kusema. Alinyamaza kidogo, akainuka, akaingia jikoni. Nilidhani amenifukuza kwa adabu. Akarudi na chupa ya soda iliyojaa maji.

"Haya ni ya chemchemi ya kule kwa shemeji yangu," akasema. "Kapime. Safari hii usikae nayo."